Almasi Yenye Nuru ya Buluu: Njia ya Sifa na Lawama

Kwenye cheti cha almasi, baada ya uzito, rangi, usafi na mkato, huwa kuna mstari mmoja kuhusu fluoresensi. Mstari huo humwambia mnunuzi jiwe linatoa nuru kiasi gani linapomulikwa kwa mionzi ya urujuanimno: hakuna, hafifu, ya wastani, kali, au kali sana. Yakiandikwa maneno “kali” au “kali sana”, bei hushuka na mnunuzi huingiwa na shaka. Mbona inauzwa rahisi? Ina kasoro gani? Niichukue au niiache?

Bei ya leo peke yake haiwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu bei yenyewe ina historia. Kuna wakati mawe yenye nuru hiyo yalisifiwa sokoni na kulipiwa zaidi ya wenzake, kisha ukaja wakati mawe ya aina ile ile yakakimbiwa. Almasi haikubadilika hata chembe. Waliobadilika ni wafanyabiashara, taa walizotumia na karatasi walizoziamini. Nimeifuata njia hiyo kuanzia London ya karne ya 17, nikapitia machimbo ya Afrika Kusini, Mwadui yetu na maabara za Marekani, kwa sababu naamini kwamba mtu akijua shaka ilizaliwa wapi hatanunua kwa hofu, wala hatauziwa kwa maneno matamu.

London, Oktoba 1663

Mwanasayansi Robert Boyle aliazima almasi ya bwana mmoja aliyeitwa Clayton, kwa kuwa ilisemekana jiwe hilo hung'aa gizani. Usiku wa Oktoba 27, 1663 aliijaribu kwa kila njia aliyoiweza. Aliisugua kwa kitambaa, akaipasha joto kwa mshumaa, na hata akaingia nayo kitandani akaibana kwenye ngozi yake ili aone kama joto la mwili litaiamsha. Ikatoa nuru. Aliwaonyesha wenzake wa chama cha wanasayansi cha Royal Society, na mwaka 1664 maelezo yake yakachapishwa pamoja na kitabu chake kuhusu rangi.

Nuru aliyoiona Boyle ilitokana na msuguano na joto, kwa hiyo si fluoresensi hasa, lakini ni ya ukoo mmoja nayo. Jambo kubwa alilotuachia ni kwamba mawe mawili yanayofanana machoni yanaweza kutofautiana yanapochokozwa: moja likatoa nuru, jingine likabaki kimya. Ilibidi ipite karibu karne mbili kabla ya mtu kueleza vizuri namna kitu kinavyopokea mwanga usioonekana na kuurudisha ukiwa unaonekana. George Gabriel Stokes alifanya hivyo mwaka 1852, na ndiye aliyelipa jambo hilo jina tunalolitumia hadi leo. Baadaye William Crookes aliziweka almasi ndani ya mirija iliyoondolewa hewa, akazipiga kwa umeme, akaziona ziking'aa kwa rangi mbalimbali. Crookes hakuishia maabara. Alisafiri hadi Kimberley kuyaona machimbo kwa macho yake, na mwaka 1909 akatoa kitabu kuhusu almasi.

Sababu ya nuru ya buluu sasa inajulikana. Almasi ni kaboni, lakini nyingi zimebeba naitrojeni kidogo ndani yake. Zikiwa bado chini ya ardhi, kilomita 150 na zaidi, kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000, atomu za naitrojeni huhama polepole na kukusanyika. Penye atomu tatu zilizoizunguka nafasi moja tupu, hutokea kitu ambacho wataalamu hukiita N3. N3 hupokea mionzi ya urujuanimno na kuitoa tena kama nuru ya buluu, na mionzi ikikatwa nuru nayo huzimika. Mkusanyiko huo huchukua muda mrefu mno, mamia ya mamilioni ya miaka hadi mabilioni. Naitrojeni hiyo hiyo iliyokusanyika ndiyo pia huipa almasi nyingi umanjano wake. Jiwe moja basi linaweza kuwa na umanjano mwilini na buluu katika nuru yake, na rangi hizo mbili zikikutana huuana, jicho likaona weupe.

Machimbo mawili, majina mawili

Hatua ya pili ya njia iko Jagersfontein, katika lililokuwa Dola Huru ya Orange huko Afrika Kusini. Almasi ziligunduliwa kwenye shamba hilo mwaka 1870, na mwaka 1893 mgodi ukatoa Excelsior, jiwe la karati 995 ambalo lilikuwa almasi kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi ilipopatikana Cullinan mwaka 1905. Lakini wafanyabiashara wa Ulaya waliipenda Jagersfontein kwa jambo jingine. Mawe yake mengi yalikuwa meupe sana na yalitoa nuru kali ya buluu. Yakiwekwa mezani mbele ya dirisha mchana, yalionekana kama yamepakwa kivuli cha anga.

Siku hizo hakukuwa na herufi za kupanga rangi. Madaraja yalibeba majina ya mahali almasi zilikotoka: River kwa nyeupe kabisa, Wesselton kwa zilizofuata, Cape kwa zenye umanjano. Jager lilikuwa jina la mawe meupe yenye ubuluu, na lilikuwa jina la sifa. Mnunuzi aliyeambiwa anauziwa Jager alijua atalipa zaidi, na alilipa kwa hiari.

Kisha ukafunguliwa mgodi wa Premier, karibu na Pretoria, ule ule ulioitoa Cullinan. Humo yalipatikana mawe yenye umanjano mwilini na nuru ya buluu kali mno. Mchana yalionekana ya buluu au meupe, usiku chini ya taa yakarudia umanjano wake, na baadhi yake yalikuwa na ukungu kana kwamba yamepakwa mafuta. Jina Premier likawa onyo. Mnunuzi aliyelisikia alirudisha jiwe mezani.

Hapa ndipo penye mizizi ya mkanganyiko wote uliofuata. Nuru ya buluu ilikuwepo kwenye Jager na ilikuwepo kwenye Premier. Kilichoyatofautisha mawe hayo ni weupe wa mwili na uwazi wa jiwe, mambo ambayo jicho lililozoea liliyaona bila mashine yoyote. Maadamu wanunuzi walitazama jiwe lenyewe, waliweza kusifu moja na kukataa jingine, ingawa yote mawili yaliwaka.

Sifa iliyogeuzwa kuwa hila

Marekani, ambako soko la pete za uchumba lilikuwa likikua haraka, sifa ya Jager ilibeba jina jingine: almasi ya buluu-nyeupe. Jina hilo liliuza. Kila duka likataka kuwa nalo, na polepole likaanza kubandikwa kwenye mawe ambayo hayakuwa na ubuluu wowote, yakiwemo yenye umanjano ulio wazi kwa yeyote anayetazama. Mwaka 1938 Tume ya Biashara ya Marekani iliweka kanuni kwamba ni udanganyifu kuiita almasi buluu-nyeupe ikiwa inaonyesha rangi yoyote isiyo ya buluu. Kanuni hiyo haikuikataza nuru yenyewe, ilikataza uongo. Lakini machoni pa umma, sifa ikishachezewa kwa muda mrefu huacha harufu hata juu ya kitu halali, na fluoresensi ikaanza kunukia ulaghai.

Taasisi ya vito ya GIA ilikuwa tayari imeanzishwa mwaka 1931 na Robert Shipley, aliyeamini kwamba wauza vito wanapaswa kusoma elimu ya mawe wanayouza. Katika miaka ya 1950, chini ya Richard Liddicoat, taasisi hiyo iliachana na majina ya zamani ya machimbo na kupanga rangi kwa herufi, D ikiwa isiyo na rangi kabisa, ikishuka hadi Z. Ulikuwa uamuzi wa haki. Herufi haimsifu mtu wala haimtishi, na mnunuzi wa Chicago na wa Antwerp wangeweza sasa kuzungumzia jiwe moja kwa lugha moja. Fluoresensi nayo ikapata mstari wake kwenye cheti. Haikuwekwa kama daraja la ubora. Ilikuwa alama ya kulitambua jiwe, kwa maana ni vigumu almasi mbili kulingana katika kila kipimo na zikalingana pia katika nuru.

Mwadui, na nuru isiyotajwa dukani

Njia inapita pia kwetu. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga, baada ya miaka ya kutafuta huku fedha zikimwishia. Bomba la Mwadui, yaani nguzo ya mwamba wenye almasi, lina eneo la hekta 146 hivi, miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa kwa faida duniani. Huko ndiko lilikotoka jiwe la waridi lenye karati 54.5, lililopatikana mwaka 1947 na kupewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Likakatwa hadi karati 23.6.

Ukubwa wa bomba si wingi wa almasi. Katika mgodi wa namna hii, tani 100 za mwamba huweza kutoa karati chache tu, na karati 5 ni gramu moja. Yule anayeuliza kama nuru ni kasoro anapaswa kwanza kuuliza kokoto ndogo hivyo hupatikanaje katikati ya kifusi chote hicho. Huko Kimberley mwishoni mwa karne ya 19 ziligunduliwa meza za grisi: kokoto zilipitishwa juu yake kwa maji, mawe mengine yakateleza na almasi zikanasa. Baadaye migodi mikubwa duniani ikahamia kwenye eksirei. Kokoto huanguka mbele ya mionzi, almasi inatoa mwanga kwa muda usiofika sekunde moja, jicho la umeme linaiona, na pumzi kali ya hewa inaisukuma kwenye chombo chake.

Mwanga wa eksirei hauchochewi kwa njia moja na ule wa urujuanimno, wala haupimwi kwenye cheti, lakini ni tabia ile ile ya almasi ya kupokea nguvu na kuirudisha kama mwanga. Bila tabia hiyo, mawe mengi yangebaki kwenye kifusi. Almasi chache zisizo na naitrojeni, ambazo mara nyingi ndizo za thamani kubwa, hutoa mwanga hafifu mno kwenye mashine hizo, na zipo zilizotupwa na mabaki kwa sababu hiyo. Huko mgodini, kung'aa ndiko kunakoliokoa jiwe.

Karatasi ikapata nguvu kuliko jicho

Mwishoni mwa miaka ya 1970 almasi ziligeuka kuwa mahali pa kufichia fedha dhidi ya mfumuko wa bei. Watu ambao hawakuwahi kushika lenzi ya sonara walinunua mawe yaliyofungwa pamoja na vyeti vyao, na mengine yaliuzwa na kununuliwa tena bila kufunguliwa. Orodha ya bei ya Martin Rapaport ilianza kutolewa mwaka 1978, ikipanga bei kwa uzito, rangi na usafi. Almasi ya karati moja ya rangi D isiyo na dosari ilipita dola 60,000 mwaka 1980, kisha soko likaporomoka.

Katika biashara ya karatasi, kila mstari wa cheti unatafutiwa bei. Mnunuzi asiyelitazama jiwe hawezi kutofautisha Jager na Premier. Anachoona ni neno “kali”, na kwa kuwa baadhi ya mawe yenye nuru kali yana ukungu, anaona salama zaidi kuyaogopa yote. Punguzo likaanzia hapo, na likawa kubwa zaidi kwenye rangi za juu, D hadi H, ambako watu hulipia weupe na hawataki neno lolote la kuutilia shaka. Kwenye rangi za chini, I hadi M, punguzo ni dogo au halipo kabisa, kwani wafanyabiashara wenyewe wanajua kwamba buluu inafunika umanjano.

Mwaka 1997 GIA ilichapisha utafiti uliolipima jambo hili kwa macho ya watu. Waliandaa seti nne za almasi za rangi E, G, I na K, kila seti ikiwa na mawe yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa nguvu ya fluoresensi. Wakawaonyesha wataalamu wa kupanga rangi, wafanyabiashara, na watu wa kawaida. Watu wa kawaida, ambao ndio hasa wanunuzi wa pete, hawakuweza kuona tofauti. Wataalamu waliona kwamba jiwe lenye buluu kali, likitazamwa kutoka juu kama linavyokaa kwenye pete, lilielekea kuonekana na rangi nzuri zaidi. Hawakuona kwamba linapoteza uwazi. GIA pia inaeleza kwamba asilimia 25 hadi 35 ya almasi inazopokea zina fluoresensi ya kiasi fulani, na kwamba ukungu au sura ya mafuta huonekana kwenye chini ya asilimia 0.2 ya hizo zenye fluoresensi.

Uchunguzi wa baadaye umeeleza zaidi. Ukungu hutokana na vitu vidogo mno ndani ya jiwe vinavyotawanya mwanga. Nuru kali huweza kuuongeza ukungu uliokuwapo, lakini nuru peke yake haiutengenezi. Mawe ya Premier yaliyokuwa na ukungu hayakuharibiwa na nuru yake, ukungu ulikuwamo tayari.

Wenye shaka wana hoja moja ninayoiheshimu. Taa za kupangia rangi zina kiasi cha mionzi ya urujuanimno, kama ulivyo mwanga wa mchana. Jiwe lenye buluu kali huweza kupata herufi nzuri chini ya taa hiyo, kisha jioni, chini ya balbu isiyo na mionzi hiyo, likaonyesha umanjano zaidi ya vile mwenye pete alivyotarajia. Taa nyingi za LED za majumbani leo hutoa mionzi kidogo sana ya aina hiyo. Huo si ulaghai wa jiwe, ni sababu ya kulitazama chini ya zaidi ya taa moja kabla ya kutoa fedha.

Ushahidi uliorudi

Katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, kuna almasi iitwayo ya Kireno, yenye karati 127.01. Ndiyo kubwa kuliko almasi zote zilizokatwa katika mkusanyiko wa taifa wa Marekani, na nuru yake ya buluu ni kali kiasi kwamba hata mchana inaweza kuonekana ina ubuluu. Nuru hiyo ni sehemu ya umaarufu wake. Katika jumba hilo hilo imo almasi ya Hope, ya karati 45.52, ambayo ikimulikwa kwa urujuanimno na taa kuzimwa huendelea kuwaka nyekundu kama kaa la moto. Wanasayansi wameutumia mwako huo kama alama ya utambulisho wake.

Jambo la mwisho ni la wakati wetu. Tangu General Electric ilipotengeneza almasi maabara mwaka 1954, teknolojia imesonga hadi mawe ya kutengenezwa kujaa sokoni, mazuri kwa macho na ya bei ndogo mno. N3 inahitaji naitrojeni ikusanyike kwa muda ambao maabara haina. Nuru ya buluu inayotokana nayo imekuwa mojawapo ya dalili ambazo wataalamu hutumia kutambua almasi ya ardhini. Mwenye jiwe asijipimie kwa tochi ya dukani, maana maabara ina vipimo vingi na jibu hupatikana kwa kuviunganisha. Hata hivyo ni haki kusema kwamba mstari ulioogopwa miaka mingi sasa unasaidia kuthibitisha asili ya jiwe.

Ninunue?

Ndiyo, kwa masharti, na masharti yenyewe yametoka kwenye historia hii. Litazame jiwe kama walivyolitazama wanunuzi wa zamani, kwenye kivuli karibu na dirisha, juani, na jioni chini ya balbu kama zile za nyumbani kwako. Liweke kando ya jiwe la rangi ile ile lisilo na fluoresensi. Likionekana na ukungu au kama limepakwa mafuta, hasa juani, liache hata likipunguzwa bei namna gani. Likiwa wazi na la kung'aa kwenye mianga yote, huna sababu ya kuliogopa.

Kwa rangi ya I, J au K, nuru kali ya buluu ni faida kwako, na zaidi kwa anayeishi Mwanza, Mombasa au popote karibu na ikweta, ambako jua lina mionzi mingi ya urujuanimno na pete huvaliwa nje saa nyingi za mchana. Kwa rangi ya D, E au F, dai punguzo lililo halisi, kwa sababu utakapotaka kuuza, mnunuzi wako naye atalidai. Usikubali kulipa bei ya jiwe lisilo na nuru kwa kuambiwa kwamba siku hizi watu hawajali. Na popote unaponunua, taka cheti cha maabara inayoaminika, na uone kama muuzaji anataja fluoresensi kwa kinywa chake kabla wewe hujauliza. Akiificha hiyo, hujui kingine alichokuficha ni nini.

Wafanyabiashara wa karne ya 19 walipenda nuru hii kwa sababu waliiona. Wale wa miaka ya 1970 waliiogopa kwa sababu waliisoma tu. Ukilitazama jiwe kwa macho yako, ukalilinganisha, ukalipia bei inayolingana na ukweli wake, utakuwa umenunua almasi nzuri kwa fedha kidogo kuliko jirani yako aliyekimbia neno “kali”, na hutakuwa na cha kumficha yeyote atakayekuuliza umenunua nini.